Risasi za milimita 70 katika chemba ya milimita 65: uchambuzi wa kisa kutoka mkoa wa Lindi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha upande wa bara wa mkoa wa Lindi, ambako korosho ndiyo inayoleta fedha na muhogo ndio unaolisha nyumba. Majina ya watu, kijiji, wilaya na duka yameondolewa, na namba ya usajili ya bunduki haitajwi. Mhusika mkuu, nitakayemwita Mzee, ni mkulima mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 aliyeachiwa bunduki na mjomba wake, kwa desturi inayofahamika vizuri katika koo za Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambako mali ya mjomba hufuata njia ya dada zake. Umiliki ulikuwa umehamishiwa kwake kupitia polisi na leseni ilikuwa hai. Mhusika wa pili ni mpwa wake, kijana fundi wa pikipiki, mwenye mikono mizuri na akili ya kudadisi, ambaye kwa desturi hiyohiyo ndiye anayetarajiwa kuirithi bunduki hiyo siku moja.

Bunduki ni ya marisaa, yaani punje ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, namba 12, ya kuvunja, yaani inayokunjwa katikati wakati wa kuiwekea risasi, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Familia husimulia kwamba ilinunuliwa kwa Mwingereza mmoja wa ule Mpango wa Karanga, mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Alama zilizogongwa chini ya mitutu zinaonyesha kwamba bunduki hiyo ilikuwa tayari imezeeka mpango huo ulipoanza.

Kazi yake shambani ni moja tu, nayo ni kulinda. Nguruwe pori huingia usiku muhogo unapoanza kunenepa, na ngedere huja mchana mahindi yakishatoa mbelewele. Mzee ni Mwislamu kama walivyo majirani zake wengi, kwa hiyo nguruwe akiuawa hakuna kitoweo kinachopatikana. Kinachotafutwa ni shamba kubaki na kitu. Kwa miaka mingi alitumia risasi za maganda ya karatasi alizoachiwa na mjomba, kidogokidogo, mpaka zilizobaki zikavimba kwa unyevu wa masika na kukataa kuingia kwenye chemba. Ganda la karatasi hupakwa nta ili lisinywe maji, lakini nta ikishapauka, unyevu wa msimu mmoja tu wa mvua katika ukanda huu unatosha kuliharibu.

Namba 12 haisemi kila kitu

Kabla ya kueleza yaliyotokea inafaa kuweka wazi jambo moja la kiufundi, kwa sababu kisa kizima kimesimama juu yake. Namba ya bunduki ya marisaa hueleza upana wa mtutu peke yake: tufe 12 za madini ya risasi safi, kila moja ikiwa na kipenyo cha mtutu, huwa na uzito wa ratili 1, na kipenyo hicho ni kama milimita 18.5. Urefu wa chemba, yaani sehemu pana ya nyuma ambamo risasi hukaa, ni habari nyingine kabisa. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilitengenezwa kwa chemba ya inchi 2½, ambayo sokoni huitwa milimita 65. Za kisasa huanzia inchi 2¾, yaani milimita 70, na nyingine hufika milimita 76 au 89.

Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limekwisha kupigwa na mdomo wake umefunguka. Risasi ya milimita 70 ambayo mdomo wake umekunjwa kwa mtindo wa nyota huwa, ikiwa bado nzima, na urefu unaokaribia milimita 58 tu. Kwa hiyo itaingia kwenye chemba ya milimita 65 bila kukwaruza popote, bunduki itafunga vizuri, na mwenyewe ataridhika. Ni pale inapopigwa ndipo mkunjo unafunguka, mdomo wa ganda unaingia kwenye koni, yaani ile sehemu ambapo chemba huanza kubana kuelekea mtutu, na kizibo, yaani kipande kinachotenganisha baruti na marisaa, pamoja na marisaa yenyewe vinalazimika kupita kwenye tundu lililopunguzwa na unene wa ganda lenyewe.

Yaliyotokea

Mwanzoni mwa msimu wa kupanda Mzee alikwenda kwa muuza silaha mwenye leseni na kununua boksi moja la risasi 25. Aliulizwa namba ya bunduki, akajibu 12, na hati yake ilisema 12. Hakuna aliyeuliza urefu wa chemba, na wala hati haikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo. Risasi alizopewa zilikuwa za maganda ya plastiki, za milimita 70, zenye gramu 36 za marisaa.

Usiku wa kwanza alipopiga alihisi bega limesukumwa kuliko alivyozoea. Alidhani ni uzee. Baada ya kutumia karibu nusu ya boksi kwa wiki kadhaa, aliona kwamba bunduki ikifungwa na kutikiswa kidogo inatoa mlio wa kugonga kwenye bawaba, mlio ambao haukuwapo zamani. Alimwonyesha mpwa wake, na huyu akafanya jambo ambalo wengi wasingelifikiria: aliokota maganda yaliyopigwa chini ya dungu na kuyaweka mezani pembeni ya ganda moja la zamani la karatasi. Midomo ya maganda mapya ilikuwa imechanika. Sehemu ya mbele, kama nusu sentimita kutoka ukingoni, ilikuwa imekuwa nyembamba na kung'aa, ikiwa na michirizi myeusi ya moshi, na katika ganda moja kipande cha plastiki chenye upana wa ukucha kilikuwa kimenyofoka kabisa. Ganda la zamani lilikuwa na mdomo uliofunguka sawasawa.

Mpwa alipima yote kwa rula na kupata jibu sahihi, kwamba risasi mpya ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Jibu la pili, yaani la tiba, ndilo lililoleta mjadala. Katika sanduku la marehemu mjomba mlikuwa na mfuko wa maganda ya karatasi yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa ya milimita 70, ambayo inaonekana mtu fulani aliyaokota zamani akiwa na nia ya kuyajaza tena. Mpwa alipendekeza ayafupishe hadi milimita 65, kisha afungue risasi mpya zilizobaki, ahamishe baruti, vizibo na marisaa, na kukunja mdomo wa karatasi kwa mviringo kama zilivyokunjwa zile za zamani. "Mjomba, tatizo ni urefu tu," alisema. "Tukate milimita tano, mambo yamekwisha."

Alikwisha kujaribu kukata maganda machache matupu. Alichonga mti mviringo wa kuingia ndani ya ganda bila kulegea, akaweka alama, akazungusha wembe taratibu. Kwenye maganda makavu yenye nta mkato ulitoka safi. Kwenye yale yaliyokuwa yamekula unyevu, karatasi ilibanduka tabaka kwa tabaka na ukingo ukabaki na nyuzi. Mzee alitazama kazi hiyo akaisifu, kisha akasema hatajaza kitu mpaka aulizwe mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya kutunza ghala la silaha.

Vipimo na alama

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba chemba kweli ni ya milimita 65, maana maganda yaliyochanika yanaweza pia kusababishwa na koni yenye kutu. Rula haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa jicho haliwezi kuona pale chemba inapoishia na koni inapoanzia. Mwisho wa mbele wa chemba ya namba 12 una kipenyo cha milimita 20.3 hivi, na nyuma ni pana kidogo. Fundi wa mashine ya kukerezea vyuma alitengeneza kipande cha shaba cha mviringo chenye kipenyo hicho, kikiwa na mistari ya milimita ubavuni. Kipande hicho huingizwa kwa mkono, bunduki ikiwa imethibitishwa kuwa tupu, na pale kinapogota ndipo koni inapoanzia. Mtutu wa kulia uligota kwenye mstari wa 65, na wa kushoto ulizidi kidogo sana, jambo la kawaida kwa kazi ya mkono ya enzi hizo.

Alama za chini ya mitutu zilisomwa baada ya kusuguliwa kwa mafuta na kitambaa. Kulikuwa na umbo la almasi lenye namba 12 juu ya herufi C. Katika kanuni za Uingereza za kujaribu mitutu zilizotangulia zile za mwaka 1925, alama hiyo ilimaanisha chemba iliyo fupi kuliko inchi 3, basi. Haikutofautisha 65 na 70, na mtu anayeitegemea peke yake anaweza kuamini lolote analotaka kuamini. Ni kanuni za mwaka 1925 zilizoanza kudai urefu wa chemba uandikwe, na zile za mwaka 1954 zikaongeza shinikizo kwa tani kwa inchi ya mraba. Alama ya pili ilionyesha kwamba mitutu ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, kwa mzigo wa marisaa usiozidi aunsi 1⅛, ambazo ni takribani gramu 32. Risasi za dukani zilikuwa na gramu 36. Kwa hiyo, hata kama urefu ungelingana, mzigo ulikuwa umevuka kiwango kilichogongwa kwenye chuma chenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao haukupingwa na yeyote, ulikuwa kuacha kuipiga bunduki hiyo. Risasi ambazo hazijatumika zilipelekwa kituo cha polisi pamoja na barua iliyopitia kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa duka lilikataa kuzirudisha, na Mzee hakutaka kukaa nazo ndani ya nyumba yenye vijana.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukataa pendekezo la kufupisha maganda. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi si kazi ya mtu mwenye leseni ya kumiliki bunduki tu, kunahitaji kibali chake. Mpwa alihoji kwamba kujaza ganda la zamani si kutengeneza. Hoja hiyo isingemsaidia mbele ya askari. Lakini sikutaka tukomee kwenye sheria, kwa sababu kijana anayeambiwa "imekatazwa" bila kuelezwa kwa nini hubaki na wembe wake mfukoni.

Sababu ya kiufundi ni kwamba urefu wa ganda na shinikizo la gesi ni mambo mawili. Kukata karatasi kunaondoa tatizo la mdomo kuingia kwenye koni. Hakugusi baruti. Baruti iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya ganda, kizibo, fataki (kile kinachowasha baruti) na uzito fulani wa marisaa hutoa shinikizo lililokusudiwa pale tu vitu hivyo vyote vinapokaa pamoja. Kwa vipimo vya kimataifa vinavyotumika Ulaya, risasi ya kawaida ya namba 12 inaruhusiwa kufikia bar 740, na ile ya nguvu zaidi bar 1,050. Ukiihamishia baruti hiyo kwenye ganda fupi la karatasi, nafasi ya ndani inapungua, nawe unalazimika kupunguza kizibo au kubana kila kitu ili mdomo upate karatasi ya kukunjwa. Ukipunguza kizibo, gesi huweza kupenya pembeni na kuchoma marisaa. Ukibana, shinikizo hupanda. Katika hali zote mbili mtu anatengeneza risasi ambayo hakuna aliyewahi kuipima, kwa ajili ya bunduki yenye umri wa karne moja na ushei.

Yalikuwapo pia matatizo ya maganda yenyewe. Ganda la karatasi lililokwisha kupigwa huungua kwa ndani, juu kidogo ya kitako cha shaba, na ukiliinua kwenye mwanga wa dirisha mara nyingine unaona vitundu vidogo kama vya sindano. Tuliviona katika maganda kadhaa ya mfuko ule. Kizibo cha ndani cha kitako, ambacho katika maganda ya zamani ni kipande cha pekee, huweza kulegea, na kikitoka pamoja na marisaa kinaweza kubaki katikati ya mtutu. Anayepiga risasi inayofuata bila kuchungulia mtutu anapiga kwenye bomba lililoziba. Fataki nazo hazikuwa na suluhisho: za zamani zilikuwa zimekwisha kulipuka, vipimo vyake si lazima vilingane na fataki za kisasa, na kusukuma fataki nzima kutoka kwenye risasi mpya ni kuialika ilipuke mkononi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataa kurefusha chemba. Fundi mmoja wa mjini alisema angeweza kuikereza ifike milimita 70. Kazi hiyo huondoa chuma mahali ambapo shinikizo huwa kubwa zaidi, na katika nchi zenye vituo vya kujaribu mitutu bunduki iliyofanyiwa hivyo hulazimika kujaribiwa upya kabla ya kuuzwa. Tanzania si mwanachama wa tume ya kimataifa inayosimamia majaribio hayo, na hapa karibu hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Kilichobaki kilikuwa kuagiza risasi za milimita 65 kwa njia halali. Viwanda vya Uingereza bado vinazitengeneza kwa ajili ya bunduki za aina hii, nyingine zikiwa za karatasi na kizibo cha nyuzi zilizoshindiliwa. Maombi yalipitia kwa muuzaji mwingine mwenye leseni.

Matokeo

Risasi hazikuja kwa wakati. Muuzaji alieleza kwamba hawezi kuagiza boksi chache za aina ambayo wateja wake wengine hawaihitaji, na akashauri kusubiri mpaka shehena nyingine ifungwe. Msimu ule shamba lililindwa kwa dungu, moto na ngoma za madebe, vijana wakipokezana kuamia, na afisa wanyamapori wa wilaya aliarifiwa akatuma askari mara moja tu. Sehemu ya muhogo iliyo karibu na bonde ililiwa karibu yote. Mahindi yaliokoka kwa kiasi.

Mwishowe Mzee aliamua kuomba kibali cha bunduki nyingine yenye chemba ya milimita 70, na ile ya zamani ikabaki katika hifadhi ya polisi huku maombi yakishughulikiwa. Mpwa hakufurahi, aliona urithi wake umekwenda kukaa ghalani kwa sababu ya nusu sentimita. Maganda ya karatasi yalikaguliwa moja moja kuhakikisha hakuna fataki hai, kisha yakachomwa mbele ya mtendaji, na vitako vyake vya shaba vikapondwa.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa kuliko vyote ni kule kuokota maganda. Ganda lililopigwa huonyesha yaliyotukia ndani ya chemba, na laiti mpwa asingeyaweka mezani, Mzee angeendelea kulaumu bega lake mpaka boksi liishe. Ningependa kila mwenye bunduki ya zamani ajizoeze kutazama midomo ya maganda yake kabla ya kuyatupa. Kuchanika, kung'aa na kunyofoka kwa ukingo vinatosha kumfanya mtu asimame apime.

Kilichoshindwa zaidi ni maonyo yaliyotolewa mapema. Jirani mmoja, mtu mzima na mwenye nia njema, alikuwa amemwambia Mzee tangu mwanzo kwamba risasi hizo "zitamlipukia usoni." Hazikumlipukia. Kila risasi iliyotoka salama ililiondolea onyo hilo uzito, na kufikia risasi ya kumi hakuna aliyelikumbuka. Ukweli ni kwamba ongezeko la shinikizo linalotokana na urefu wa ganda peke yake hutofautiana sana kulingana na unene wa ganda na mteremko wa koni, na mara nyingi bunduki haipasuki siku hiyo wala mwezi huo. Madhara huja polepole: bawaba hulegea, kitako cha mti hupata ufa nyuma ya chuma, na ukuta wa mtutu uliokwisha kuliwa na kutu hubakiwa na akiba ndogo isiyoonekana kwa macho. Mtu anayeonya kwa kutaja mlipuko tu humpa msikilizaji kipimo rahisi cha kumkanusha.

Mpwa alipata nusu ya jibu kwa njia nzuri kuliko wengi wetu, na kosa lake ni la kueleweka. Namba aliyoiona imeandikwa kwenye boksi ilikuwa 70, iliyotakiwa ilikuwa 65, na mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye tofauti inayoonekana. Gramu 36 nazo zilikuwa zimeandikwa kwenye boksi lilelile, lakini hakuwa na chochote cha kuzilinganisha nacho mpaka alama za mtutu ziliposomwa. Hapa mpangilio wa kazi ungetakiwa kuwa kinyume: kusoma chuma kwanza, kupima chemba, ndipo kutazama boksi.

Udhaifu wa hati ulichangia pia. Leseni iliandikwa namba 12 pekee, muuzaji akauza kwa mujibu wa hati, na kila mmoja akawa ametimiza wajibu wake. Mzee alipopeleka maelezo, karani wa silaha kituoni alikubali kuandika "chemba 65 mm" kwa kalamu pembeni ya namba ya bunduki, jambo ambalo fomu haikulidai lakini pia haikulikataza. Kipande cha shaba kilibaki kwa mtendaji. Bunduki nyingine mbili za marisaa za kata hiyo zilipopimwa nacho, moja ilikuwa ya milimita 70 na nyingine ya 65, na mwenye hii ya pili alikuwa na boksi la risasi za milimita 70 ambalo alikuwa bado hajalifungua.